Naomba ushauri: vivuli vinaziba kwenye chapa za sayanotaipu

Habari zenu wakuu. Nachapa picha za milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa sayanotaipu, ile chapa ya buluu inayoiva juani. Negativu (picha iliyogeuzwa, penye mwanga pakawa giza na penye giza pakawa mwanga) naitengeneza kwenye Photoshop, kisha naitoa kwa printa ya wino juu ya plastiki angavu. Misumari ya shaba inatoka vizuri, mmoja mmoja, ila nakshi zilizo kivulini zinaziba, inabaki buluu tupu. Inauma, maana uzuri wa mlango uko humo. Nimepunguza muda wa juani: buluu ikapauka, na sehemu angavu zikaondoka na maji wakati wa kusuuza.

Je, nirekebishe mkunjo wa toni (mstari wa kupanga viwango vya mwanga na giza kwenye picha) kabla ya kugeuza picha kuwa negativu? Na kwa kupima toni, jua linatosha au ninunue taa ya UV (miale ya urujuanimno)? Natanguliza shukrani.