Ushauri: Nimpandishe mama boti ya tanga Lisbon au niache?

BintiPangani

Habarini wakuu. Niko Ujerumani mwaka wa sita sasa, kazi ya uuguzi. Mama yangu kanitembelea, na mwishoni mwa mwezi wa nane nimepata siku nne za mapumziko, tunakwenda Lisbon, Ureno. Tiketi nimeshakata na pa kulala pako tayari.

Nimeona kuna boti za matanga zinazochukua watu wachache, kumi au kumi na wawili, zinazunguka mto Tejo kama saa mbili. Mnapita chini ya lile daraja jekundu, mnakwenda mpaka Belém, mnageuza. Bei nilizoziona ni euro 35 mpaka 60 kwa kichwa. Nyingi zinajumlisha glasi ya mvinyo. Sisi hatunywi, sijui kama wanapunguza.

Kinachonikwamisha ni hiki. Mama ana miaka 68 na goti la kulia ni bovu, ngazi anapanda kwa kushikwa mkono. Halafu mama ni mtoto wa nahodha. Babu alikuwa na mashua Pangani, akibeba nazi na chokaa kwenda Unguja. Mama akiwa na miaka 13 alikuwa ndani ya hiyo mashua ilipopanda fungu la mchanga mlangoni mwa mto, usiku, ikapigwa na mawimbi mpaka alfajiri. Hakufa mtu. Lakini tangu siku hiyo hajakanyaga chombo cha majini. Kivuko cha Bweni hapandi. Dar akienda Kigamboni anazunguka darajani, hata foleni iwe ya saa nzima.

Ningeacha kabisa hili wazo, ila nilipomwonyesha picha ya boti kwenye simu hakusema hapana. Aliikodolea macho, akaikuza kwa vidole, akasema, "Hilo tanga la mbele mbona wameliacha linalegea?" Akanirudishia simu, akaendelea kumenya vitunguu.

Sasa nimpandishe au niache? Na kama ni kupanda, asubuhi au machweo? Mimi mwenyewe hata basi la Lushoto linanichefua.

Mzee wa Hesabu

Euro 60 mara mbili ni 120. Badilisha kwa shilingi uone ni mifuko mingapi ya saruji, halafu urudi hapa utuambie kama bado unataka kuzunguka mto.

Mama Swaumu

Mzee wa Hesabu kila uzi wewe ni saruji tu. Nyumba yenyewe umemaliza?

Dada, mimi na mume wangu tulipanda mwaka juzi, mwezi wa saba, ile ya machweo. Nikwambie ukweli, picha ni nzuri ila tuliganda. Mchana mjini tulikuwa tunatafuta kivuli, nguo zimegandia mgongoni. Saa moja jioni tukashuka gatini mume wangu na shati lake la mikono mifupi, mimi na dera. Hatujafika hata darajani, upepo ukaanza. Wana blanketi tano, abiria tuko kumi na mmoja. Mume wangu akajifanya mwanaume, blanketi akampa mama mmoja wa Kibrazili. Nilikaa nimemkumbatia kwa baridi, watu wakadhani mapenzi.

Kingine: tanga halikupandishwa. Saa mbili nzima ni injini, na moshi unaturudia puani. Nilipouliza nikaambiwa upepo ni mkali mno. Basi si wangesema kabla hatujalipa? Ulizia hilo mapema, kwa maandishi.

Mmakonde wa Almada

Dada, hapa umefika kwa mwenyewe. Mimi wa Mtwara, niko Almada, ng'ambo ya pili ya mto ukiwa Lisbon, mwaka wa tisa. Misimu mitatu ya kiangazi nimefanya kazi ya ubaharia kwenye hizo hizo boti.

Tuanze na upepo. Kiangazi huku kuna upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita *nortada*. Asubuhi haupo au uko kidogo. Nchi kavu ikishapata moto unaamka, na kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua kuzama unaweza kukuvua kofia. Jua lenyewe mwezi wa nane linazama kwenye saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo safari ya machweo inaangukia humo humo. Wageni wote wanaitaka, ndiyo maana ni ghali. Kwa mtu mzima mwenye goti bovu chukua ya saa nne asubuhi. Maji yametulia, boti zina nafasi, na mara nyingi bei iko chini. Upepo ukiwepo unatosha kujaza tanga bila kumtupa mtu. Koti chukueni hata hivyo.

Goti sasa. Watu wanaogopa boti, kumbe kazi iko gatini. Magati ya huku yanaelea, yanapanda na kushuka na maji, na unayafikia kwa daraja dogo la chuma. Tejo pale mjini ni mto kwa jina tu. Bahari inaingia na kutoka kama kwetu, siku za bamvua, maji makubwa, kujaa na kupwa vinapishana zaidi ya mita tatu. Maji yakiwa yamekupwa, lile daraja la chuma linasimama kama ngazi ya mnazi, nimewaona wazee wakishuka kinyumenyume. Maji yakijaa linalala karibu sawa na barabara. Kwa hiyo kabla hujalipa, fungua jedwali la maji la Lisbon, tafuta siku ambayo maji yamejaa asubuhi. Huu ndio ushauri wenyewe, mengine ni mapambo.

Kuhusu chombo, kuna zenye mwili mmoja na zenye miili miwili. Ya miili miwili hailali upande, ni kama baraza linalotembea, kwa mwenye kichefuchefu ni nafuu. Ya mwili mmoja inalala kidogo tanga likishika, na hiyo ndiyo raha yake. Mama kama ni mtoto wa nahodha, akipelekwa kwenye baraza atakuona umemdharau. Mwombe nahodha mama akae tezi, yaani nyuma, karibu na usukani, upande wa joshi, unakotoka upepo. Pale hakuna wa kumruka wala kamba ya kumkwaza.

Mkipita chini ya Daraja la 25 de Abril, lile jekundu, nyamazeni. Njia za katikati ni wavu wa chuma, magari yakipita juu linavuma kama mzinga wa nyuki, na wewe uko mita 70 chini yake. Chini ya njia ya magari kuna ya treni, ikipita utaisikia kifuani. Nilikuwa nalipita mara nne kwa siku na sijalizoea.

Jamvi la Wageni

Mkuu hapo kwenye jedwali la maji umenifungua macho. Mimi mwaka jana nilidhani ni mama mkwe tu mzito.

Kipepeo wa Malindi

Mambo, dadangu. Mimi niko Malindi, Lisbon nilikwenda kwa mkutano mara moja. Belém ukifika utaonyeshwa mnara na lile jiwe kubwa la mabaharia kando ya mto, mita 56, limejengwa 1960, na wa mbele kabisa ni mwana wa mfalme Henrique, ambaye wanamwita baharia na safari zile ndefu hakwenda hata moja. Vasco da Gama naye yumo kwenye foleni. Kaburi lake liko barabara ya pili tu, monasteri ya Jerónimos, kalala jiweni mikono kaikutanisha kama mtu wa sala tano.

Sitaki kuwaharibia safari, ila mpe mama habari zote. Huyu bwana aliondoka hapo Belém Julai 1497. Kufika kwetu Aprili 1498 akapewa rubani, na tarehe 24 upepo ukiwa umegeuka akavuka mpaka Calicut, India, bila hata kumaliza mwezi. Kurudi hakutaka kungoja kaskazi. Akaiacha pwani ya India mwanzo wa Oktoba, akasukwasukwa baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wakafa kwa fizi kuoza, wakabaki wachache mno kuendesha merikebu tatu. Moja, São Rafael, ikabidi waichome moto Januari 1499. Mahali ilipochomwa ni kwenye mafungu ya Mtangata, hapo Tongoni, njia ya kwenda kwenu Pangani. Na ilikuwa imeshapanda mafungu hayo hayo wakati wa kwenda!

Kwa hiyo mwambie mama, aliyekwama mchangani pande zile si babu yako peke yake.

BintiPangani

Hii ya Tongoni nimemsomea mama sasa hivi. Kacheka mpaka kafuta machozi kwa kanga. Anasema kwani hawakuwa na mtu wa kukaa omo, huko mbele, na kupima maji kwa upondo?

@Mmakonde wa Almada ahsante sana kaka. Nimeangalia jedwali, siku yetu ya pili maji yanajaa kabla ya saa tano asubuhi. Ila bado roho inanidunda. Je, akishtuka katikati ya mto?

Shangazi Mkali

Mwanangu, nimeusoma uzi wako mwanzo mpaka hapa na nina swali moja. Unauliza watu usiowajua hata sura, na mama mwenyewe kakaa hapo hapo sebuleni anamenya vitunguu. Umemuuliza yeye? Mtu wa pwani akiogopa maji hana haya ya kusema. Akinyamaza na kukosoa tanga, huyo anatafuta njia ya kurudi, ila anangoja aombwe kwa heshima yake. Wewe ni muuguzi, umezoea kuamulia wagonjwa. Huyo si mgonjwa wako.

Mmakonde wa Almada

Shangazi kamaliza. Mimi naongeza dogo tu: mwandikie mwenye boti kabla, mwambie kuna mtu mzima aliyewahi kupata ajali majini. Ukimwambia hivyo nahodha mwenye akili atakwenda karibu na ukingo na hatachezea upepo. Akijibu kwa mzaha, tafuta mwingine, gati zima ni boti. Na tembe za kichefuchefu unakunywa wewe kabla ya kupanda. Ukishaanza kumeza mate ujue umechelewa.

Tena akishaona raha, ng'ambo yetu huku kuna mashua za kale za mto, wanaziita *varino*, chini bapa kwa ajili ya maji machache, omo imechorwa maua. Zilikuwa zinabeba chumvi, kuni na matofali. Manispaa za Seixal na Moita wamezitunza. Zile si za watalii wa glasi, mtoto wa nahodha atazitambua.

Mzee wa Hesabu

Boti ya asubuhi ni euro ngapi? Nauliza tu.

BintiPangani *(baada ya wiki tatu)*

Wakuu nimerudi na mrejesho.

Nilimuuliza mama kama shangazi alivyosema. Akajibu, "Nahodha nani?" Basi. Tukaenda siku ya pili, saa nne asubuhi, boti ya mwili mmoja, euro 45 kila mtu, abiria sita. Daraja la gatini lilikuwa limelala kweli, alitembea mwenyewe na fimbo yake. Penye kuvuka kutoka gatini kuingia botini alisimama. Nikahesabu kimoyomoyo, nikafika arobaini na kitu. Nahodha alikuwa binti wa Kireno, kiumri sawa na mdogo wangu wa mwisho. Hakumharakisha, alisimama kamnyooshea mkono, akawa anatazama pembeni. Mama akasema bismillahi, akavuka.

Alikaa tezi na mkono mmoja kaukaza kwenye chuma cha pembeni, hasemi. Darajani kule akainua kichwa, akasema, "Nyuki." Neno lake la kwanza tangu tuondoke.

Kabla ya Belém nahodha akatamka kitu kwa Kireno na mama akainamisha kichwa kabla yetu sote, ile boriti ya chini ya tanga ikapita juu yake. Nikamuuliza umejuaje. "Si wanabisha, tanga linahamia upande wa pili." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. Baada ya kugeuza, tanga la mbele likawa linapigapiga ukingoni. Mama kavumilia, kavumilia, mwisho akanigusa: "Mwambie avute demani." Mimi demani kwa Kiingereza naijulia wapi? Nikaonyesha kamba kwa kidole. Yule binti akaangalia kamba, akamwangalia mama, akaivuta mizunguko miwili. Tanga likatulia, boti ikalala kidogo, ikaanza kukata maji. Akacheka, akamkaribisha mama kwenye usukani. Mama akakataa, anasema usukani wa watu haushikwi. Lakini mkono alikuwa ameuachia ule wa kwenye chuma, sijui saa ngapi.

Tembe nilikunywa na bado nilimaliza safari nimelala ubavu na chupa ya maji baridi shingoni.

Bei alikuja kuiuliza tukiwa kwenye tramu. Nilipomwambia alinyamaza mpaka tunashuka. @Mzee wa Hesabu mngeelewana.

Kesho yake akaniuliza zile mashua za Seixal zenye maua zinafikiwaje. Nikamwambia kwa feri, kutoka Cais do Sodré. Akavaa viatu. Kwenye feri alichagua kiti cha dirishani.