Lenta ya nyumba Dodoma: iwe lazima au hiari?

Wakuu, naona kibali cha ujenzi hapa Dodoma kisitolewe bila lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo juu ya milango na madirisha, inayozunguka nyumba nzima ili kuta zisiachane tetemeko likipiga, na mkaguzi azione nondo kabla zege halijamwagwa. Jirani yangu wa Ihumwa anapinga. Anasema hapa hakuna tetemeko la kuogopa, ni mwamba mtupu, mawe ya mlima wetu wa Mlimwa yamekaa tangu dunia iumbwe.

Mwamba ni kweli. Mawe yale ni graniti ya zaidi ya miaka bilioni mbili, wala hayakuinuliwa na tetemeko: udongo wa pembeni uliliwa na mvua, yenyewe yakabaki. Lakini panda basi la Singida. Ukishaiacha Bahi unaona ukuta wa mlima mbele yako, gari linaanza kupanda kuelekea Manyoni. Ule si kama Hanang, mlima wa volkano. Ni ardhi iliyopasuka, upande wa Bahi ukashuka, wa Manyoni ukabaki juu. Ndilo Bonde la Ufa: Afrika inavutwa huku na huku, milimita chache kwa mwaka. Pande mbili za ufa zinang'ang'aniana, nguvu inajilimbikiza, siku moja zinaachiana. Hapo ndipo tunatetemeka, na ukuta ule umekua hivyohivyo kwa mamilioni ya miaka. Novemba 4, 2002 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.5 mkoani humu.

Fundi wa Nkuhungu: Mkuu, watu wanajenga kwa kudunduliza, tofali leo, bati mwakani. Mkaze hivyo, watajenga usiku bila kibali. Na tembe za wazee zilikuwa na nondo gani?

Mleta mada: Fundi, tembe ilikuwa fupi na paa lake lilibebwa na nguzo za miti. Sisi paa tunalitwisha ukuta. Kuhusu gharama, nilipobomoa ukuta kuongeza chumba nilikuta nondo zangu za lenta zimeishia kwenye kona, kila upande na yake, hazikukunjwa wala kufungwa waya. Kona ndiyo inayoachana kwanza nyumba ikitikiswa. Na nondo nilishazilipia! Kilichokosekana ni dakika chache za kuzikunja, na mtu wa kuziangalia.

Basi tuanze na ukaguzi wa kona tu, bila ada. Hilo nalo mnalipinga kwa hoja gani?