Paroko mpya na shule za jirani: nianzie wapi bila kuvuruga kazi za parokia?

Padre wa Kusini (swali)

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasomaji wasio Wakristo, habari za kazi. Nimehamishiwa karibuni katika parokia moja ya upande wa Masasi, nikiwa paroko kwa mara ya kwanza. Ndani ya mipaka yake zimo shule za msingi kadhaa na sekondari mbili za kata, zote za serikali, na ningependa kujenga nazo uhusiano wa kudumu, usioishia kwenye kualikwa kufungua kwa sala mahafali ya darasa la saba.

Kikwazo ni siku yenyewe. Baada ya Masifu na Misa ya asubuhi hufuata ofisi, ambako watu huja kwa vyeti vya ubatizo, maandikisho ya ndoa na magomvi ya mirathi. Mchana ni wagonjwa na mazishi, jioni ni jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya familia jirani vinavyosali pamoja, na vigango vyote, yaani makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, vinasubiri pikipiki moja. Kanuni ya 528 ya Sheria ya Kanisa inamtaka paroko ashughulikie kwa namna ya pekee malezi ya Kikatoliki ya watoto na vijana, na ya 529 inamtaka azitembelee familia. Naomba uzoefu wenu: shule ziingie wapi?

Mwalimu Mstaafu, Newala

Padre, karibu sana. Mimi ni Mwislamu niliyestaafu nikiwa mwalimu mkuu, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa pili wa meza.

Zingatia majira kwanza. Mwaka wa masomo huanza Januari, na ndipo mwalimu wa taaluma anapopanga ratiba. Ukijitokeza Machi, utakuta kipindi cha dini kimewekwa palipobaki nafasi, pengine saa ileile unayokwenda kigangoni, kisha utadhani shule haikukujali. Fika kabla shule hazijafungwa Desemba, utie saini kitabu cha wageni kama mgeni mwingine yeyote, na utaje siku unayoiweza kwa hakika, hata ikiwa ni mara moja kila baada ya majuma mawili. Mwalimu mkuu atakueleza kama jambo lako linahitaji barua ya afisa elimu.

Wengi wetu hatukuwa na kinyongo na viongozi wa dini. Kilichotuchosha ni ahadi. Kipindi kikifika, madarasa hugawanywa, hawa waende kwa ustadhi na wale kwa katekista. Upande mmoja ukikosa mtu, watoto wa madarasa mawili hubaki wakirushiana chaki, huku mwalimu wa zamu, ambaye ana kipindi chake mahali pengine, akichungulia dirishani kila baada ya dakika tano. Hayo yakitokea mara mbili, hata ukija na zawadi ya mipira hutasikilizwa.

Kumbuka pia kwamba katika shule nyingi za huku wanafunzi Waislamu ni wengi. Ukialikwa mstarini au kwenye kikao cha wazazi, zungumza yanayowagusa wote, kama vile utoro, mimba za wanafunzi na hali ya vyoo. Mafundisho ya sakramenti yana kipindi chake. Na umsalimie shehe wa msikiti wa jirani mapema, asije akasikia kwa watu kwamba padri anaonekana shuleni.

Padre wa Kusini

Shikamoo Mwalimu, nashukuru sana, hasa kwa hilo la Desemba. Kuna jambo sikulitaja: wazee wa parokia wananihimiza nidai nafasi kubwa zaidi katika shule moja ya msingi, kwa hoja kwamba ilijengwa na misheni. Nilipokeeje?

Padri mzee, Lindi

Mdogo wangu, lipokee kwa heshima, lakini usilibebe kwenda nalo shuleni. Wazee hawasemi uongo. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha makazi Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wakafika Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906, na popote walipojenga kanisa hawakukawia kujenga darasa. Lakini tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule nyingi za misheni, na mwalimu mkuu wa leo, ambaye huenda hakuwa amezaliwa, hana deni lolote kwako. Kama kuna suala la mpaka wa kiwanja, jimbo na halmashauri waliandikiane barua. Likichanganywa na kipindi cha dini, vyote viwili vitaharibika.

Kuhusu saa, sioni sababu ya kuongeza safari. Siku ya Misa kigangoni, shule ya pale iko njiani. Ukimaliza Misa mapema utawakuta walimu wakati wa mapumziko, na kikombe kimoja cha chai katika ofisi ya walimu hufungua milango kuliko barua yenye mhuri. Kipindi chenyewe mwachie katekista aliyeandaliwa vizuri, umlipie mafuta au matengenezo ya baiskeli bila kungoja akuombe, nawe uingie darasani pale unapoweza. Ofisi itangaziwe siku maalumu. Vyeti vinaweza kuandikwa na katibu kutoka kwenye daftari la ubatizo, wewe ukahakiki na kutia saini. Mapadri tunapenda kunakili wenyewe, kisha tunalalamika kwamba siku ni fupi.

Mama Mjumbe wa Kamati ya Shule, Nachingwea

Baba Paroko, mimi naongezea upande wa wazazi. Msimu wa korosho ukifika, tangu Oktoba, watoto hutumwa kuokota, na mahudhurio hushuka wakati ambapo kidato cha pili na cha nne wanakaribia mitihani yao ya Novemba. Walimu wakisema, tunanuna. Paroko akisema kwenye jumuiya, baba mwenye shamba anakuwa amekaa palepale, hana pa kujificha. Hiyo ni kazi ya shule unayoweza kuifanya bila kukanyaga shuleni.

Vilevile, omba kalenda ya shule kabla ya kupanga mafundisho ya kipaimara. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba, na wiki za mwisho husoma hata Jumamosi. Kwetu ratiba hizo mbili ziliwahi kugongana, na baadhi ya watoto walitumia nafasi hiyo kukosa kotekote, kila upande ukiambiwa wako upande wa pili.