Tupeane uzoefu: utenzi au shairi la kale ulilowahi kulisoma kwa sauti likakugusa

Binti wa Langoni
Assalaam alaykum, na habari za jioni wadau.

Naomba tupeane uzoefu wa kusoma tenzi na mashairi ya kale kwa sauti. Sitaki uchambuzi wa darasani. Nataka kujua ulimsomea nani, wapi, na ikawaje. Naanza mimi.

Mamangu aliugua miezi 14. Kwao Lamu, lakini alikuwa kwangu Mombasa, na macho yalikuwa hayaoni tena. Usiku mmoja akaniambia nimsomee Utenzi wa Mwana Kupona. Kitabu ninacho tangu nikiwa chuo na nilidhani utenzi ule naujua. Nikaanza:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*

Akanizuia. "Umeukata. Rudi." Nikarudi, akanizuia tena. Mara ya tatu akausema mwenyewe, polepole, ndipo nikasikia: bi-n-ti. Ile *n* aliikalia mpaka ikawa silabi yake peke yake, na mshororo ukatimia mizani 8. Miaka yote mimi nilikuwa naupa 7. Ukisoma kwa macho upungufu huo huuoni, unapita tu. Ukisoma kwa mdomo mbele ya mtu aliyeusikia tangu utotoni, unashikwa hapo hapo.

Tukaendelea. Ubeti wa pili unasema:

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*

Sauti ikanikatika. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga wasia huu mwaka 1858, mwenyewe mgonjwa, akimwachia bintiye. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi kama maneno ya mwanamke wa Pate wa zamani. Usiku ule aliyekuwa kitandani ni mamangu, na binti ni mimi. Mama hakuningoja. Aliupokea palepale nilipoachia, kwa mahadhi yao ya nyumbani, akaenda nao beti kwa beti bila kitabu mpaka usingizi ukamchukua.

Tangu siku ile ikawa ndiyo ada yetu baada ya isha. Mimi nasoma, yeye ananirekebisha. Alifariki mwezi wa Rajabu. Kitabu nimekifungua tena wiki hii, ndiyo sababu nimeandika hapa.

Mzee wa Ngamiani
Pole sana binti yangu. Mungu amrehemu mama.

Langu ni fupi. Mke wangu alitangulia baada ya miaka 31 ya ndoa. Siku ya arobaini, baada ya dua, niliwaomba watu wakae kidogo nikawasomea shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe: *Amina umejitenga, kufa umetangulia*. Wanangu walidhani sitafika mwisho.

Nilifika, na nitawaambia kilichonifikisha. Kila mshororo una mizani 16 na katikati unagawika, 8 huku na 8 kule. Pale kwenye mgawanyiko ndipo nilipopata pa kumeza mate na kuvuta pumzi. Nadhani Shaaban naye alipahitaji mahali pale. Sisi wa Tanga shairi hili tunalijua tangu shule, tulilikariri tukiwa watoto wa miaka 12 tusiojua kifo. Mimi nimelisoma nikiwa na miaka 60 na nikaona kwamba sikuwahi kulisoma.

Mama Wawili
Shikamoo mzee, pole sana. Na wewe dada pole.

Mimi nitasema ukweli wangu. Utenzi wa Mwana Kupona nimeuchukia karibu miaka 20. Nilipoolewa, somo wangu, yule mama aliyenifunda, alinighania beti za kumtii mume, hizo tu, kama hukumu. Kila nilipolalamika kuhusu niliyoyapata katika ndoa ile nilirudishiwa zilezile: radhi tano, na ya tano ni ya mumeo.

Kisha binti yangu akapewa utenzi huo chuo kikuu, akawa anausoma kwa sauti jikoni huku mimi nakuna nazi. Akafika hapa:

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na karatasi*

Nikaacha mbuzi. Nikamwambia arudie. Somo wangu beti hii hakuwahi kunisomea! Mama anamwita mwanawe wa kike aje akae mbele yake aandike. Kabla ya mume, kabla ya udi na uvumba, kuna wino. Na anayesema ni mwanamke aliyejua kutunga, naye anamtarajia bintiye ajue kuandika. Nililia, lakini kwa hasira, kwa sababu nilinyimwa nusu ya utenzi.

Zile beti za mume bado sikubaliani na jinsi nilivyopigwa nazo. Siku hizi tukisoma, tukifika

*Mama pulika maneno*
*kiumbe ni radhi tano*
*ndipo apate usono*
*wa akhera na dunia*

tunasimama, tunabishana, kisha tunaendelea.

Binti wa Langoni
Mama Wawili, mamangu naye alikuwa akifika pale ananyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Ahsante kwa kulisema.

Mwalimu wa Zamu
Nafundisha sekondari. Wanafunzi wangu wanahesabu mizani kwa vidole, wanataja ukwapi na utao (vipande viwili vya mshororo), wanapata alama zao, na shairi lenyewe hawalipendi. Muhula huu nimebadilisha: hakuna kuhesabu chochote kabla shairi halijaghaniwa mara tatu darasani. Kijana mmoja ambaye hutamka kwa shida akiongea alighani beti nne bila kukwama. Hatukupiga makofi, tulikaa kimya tu.

Fundi Chokaa
Mimi nilisomea magofu.

Nilikwenda Pate kwa kazi. Kutoka Lamu tulingoja maji yajae ndipo chombo kipite mkondo wa Mkanda, tukashuka Mtangawanda, halafu kwa miguu. Mji wa kale pale umebaki kuta, na katikati ya kuta watu wamelima tumbaku. Al-Inkishafi, utenzi wa kale wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, nilikuwa nao kwenye simu. Nikasimama ndani ya nyumba isiyo na dari nikasoma:

*Nyumba zao mbake ziwele tame*
*makinda ya popo iyu wengeme*
*husikii hisi wala ukeme*
*zitanda matandu walitandiye*

Maneno ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, mengine yananishinda, ila haya yalijifasiri yenyewe pale. *Ziwele tame*, zimekuwa mahame. *Iyu* ni juu, na nilipotazama juu kulikuwa na mbingu. Mshororo wake haugawiki sawasawa kama wa shairi la mzee hapo juu. Ni sita kisha tano, sehemu ya pili inapungukiwa kidogo. Nikisoma kimya nilikuwa siioni tofauti. Nilipotoa sauti kati ya kuta zile nilihisi kila mshororo unashuka kabla sijawa tayari.

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe. Siku ile nilijua nakarabati nini.

Mwenye tumbaku alikuja kuuliza kama nimepotea. Nikamsomea tena. Akaweka jembe chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Wa Maskati
Samahanini kwa Kiswahili changu, nimekulia Oman. Nyumbani tunakizungumza lakini hatukufundishwa kukisoma. Nina sauti ya bibi yangu kwenye simu, anaghani zile beti alizoandika Mama Wawili, kwa mahadhi kama ya maulidi. Nimeisikiliza mara nyingi sana na leo ndiyo mara ya kwanza nayaona maneno yenyewe. Nimeyafuata kwa kidole huku sauti yake inasoma. Nina swali moja: usono ni nini?

Binti wa Langoni
Ni mapumziko, ndugu yangu. Raha ya mtu aliyetua mzigo. Tafadhali tuwekee hiyo sauti ya bibi hapa, kama familia itaridhia.