Bodi ya Massey 135: mpya ya Dar, mtumba, au tuunge bati hapahapa Tabora?

Mkulima_Urambo: Wakuu, habari za jioni. Nina trekta, Massey Ferguson 135 niliyoachiwa na marehemu baba. Injini nzima, inawaka mara moja hata asubuhi ya baridi. Shida ni bodi: boneti imeoza, shoo ya mbele (grili) haipo, madigadi ya kushoto yamepasuka. Nataka iingie shamba mvua za Novemba zikianza. Nifanye lipi?

Fundi_Ipuli: Pole kwa msiba mkuu. Mbona ya muhimu hujasema? Massey 135 zimetengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na hazikufanana. Madigadi yako ni ya mviringo au bapa? Boneti imeoza kwenye kingo au kwenye bawaba? Soma kibao cha namba pale kwenye dashibodi. Na mfukoni una ngapi?

Mama_Nzega: Chukua mtumba, usihangaike. Bati la zamani ni bati kweli. Kwa kaka yangu kuna moja limekufa injini, limelala tu uani.

Mkulima_Urambo: Kibao kimefutika. Madigadi ni ya mviringo. Nina laki sita kwa kila kitu, na fundi humo humo.

Mzee_Kaliua: Kijana, ngoja nikueleze yaliyonikuta. Nilituma hela kwa duka moja Dar baada ya kuona picha, boneti nyekundu inang'aa. Ikaja kwa basi. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, ikabonyea na kurudi kama kifuniko cha debe. Matundu ya bawaba yalipishana na ya trekta upana wa kidole. Fundi akayapanua kwa tupa, akajaza wasa za bolti, ikakaa. Siku ya nne nalima penye visiki, nikasikia harufu ya dizeli. Nikazima, nikafungua. Tenki la 135 liko hapohapo chini ya boneti, na ukingo ulikuwa umelisugua mpaka bati likawa jeupe, tone moja moja linadondokea injini ya moto. Mwanangu alikuwa amekaa kwenye madigadi. Mpaka leo nikikumbuka nakosa usingizi. Dukani wakasema kikishafungwa hakirudi.

Fundi_Ipuli: Pole sana mzee, Mungu aliwanusuru. Ila hapo fundi naye ana lawama. Kabla ya kubana bolti yoyote unalaza boneti, unapitisha kadibodi kuzunguka tenki lote. Ikikwama mahali, hapo patasugua. Vipande vya tyubu bovu kwenye viegemeo vinamaliza mtetemo.
Mkulima, mimi ningeokoa boneti ya baba. Kata palipooza mpaka ufike bati zima, unga kipande cha milimita 1.5, choma nukta moja huku, nyingine kule, ipoe. Ukivuta mstari mmoja joto linapinda bati, na puti ya kusawazisha haitaficha. Na tenki litoke kabisa kabla ya cheche ya kwanza!

Mama_Nzega: Sawa, lakini fundi wa kuchoma hivyo yuko wapi? Wengi huku wamezoea mageti, bati jembamba wanalitoboa.

Fundi_Ipuli: Wapo mama. Mwambie akuonyeshe kazi aliyofanya kwenye bati, si kwenye geti.

Kijana_Isevya: Natoka nje ya mada kidogo. Urambo si ndiko Waingereza walikoleta mradi wa karanga miaka ya 1940? Babu anasema matrekta mengine yalikuwa vifaru vya vita.

Mzee_Kaliua: Ni kweli kabisa. Yaliitwa Shervick, Vickers waliyatengeneza kutokana na vifaru vya Sherman. Ardhi ya Kongwa, kule Dodoma mradi ulikoanzia, iliwashinda hata hivyo, ikikauka ilikuwa ngumu kama saruji.

Kijana_Isevya: Kumbe! Urambo hakukubaki hata chuma kimoja?

Mkulima_Urambo: Wakuu, nimesugua kibao kwa mafuta ya taa, zimetokea tarakimu mbili tu. Jumamosi nashusha tenki nipime matundu ya bawaba. Mama Nzega, lile la kaka yako madigadi yake ni ya mviringo?

Mama_Nzega: Nampigia kesho asubuhi.