Rejista za mvua za miaka 31, hela ya serikali: naruhusiwa kuziweka wazi?

Korosho_Kusini

Wakuu, habari za leo. Nawaomba ushauri, hasa mliofanya utafiti kwa fedha za umma.

Namalizia uzamili kwa ufadhili wa serikali. Tasnifu yangu inahusu mvua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwenye mikorosho huku Mtwara. Miezi minne nimeshinda kwenye stoo ya kituo kimoja nikinakili rejista za mvua, siku moja moja, miaka 31. Baadhi zimeliwa na mchwa, mwezi mzima umebaki matundu. Za 1987 kurasa ziligandana, nikazibandua kwa wembe. Sasa zote ziko kwenye kompyuta, na kwa nijuavyo hakuna nakala nyingine.

Nilipoomba niziweke mtandaoni bure nikajibiwa kuwa data ni mali ya ofisi na barua niliyosaini inasema "kwa tasnifu tu". Msimamizi wangu naye anasema tuchapishe makala kwanza.

Kinachoniuma ni hiki. Nikitaka makadirio ya mvua ya kijiji chochote cha hapa tangu 1981, nayapakua bure kwenye CHIRPS, kazi ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Wao huchanganya picha za setilaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, kwa vipande vya kama kilomita 5. Ni kazi nzuri na naitumia. Ila kuna siku moja ya Aprili daftari letu lina milimita 94 na makadirio yana 31. Mkulima aliyepoteza shamba siku ile anajua ipi ni kweli. Kipimo cha kweli, alichokilipia yeye mwenyewe kwa kodi, ndicho kimefungiwa.

Nina pia dodoso la wakulima 212: majina, simu, GPS ya shamba, kilo walizovuna, salfa waliyopuliza. Nalo nilitoe?

Mzee wa Saa Tatu

Mwanangu, nimepima mvua miaka 24. Saa tatu kamili asubuhi, Idi na Krismasi zikiwemo. Umefanya jambo kubwa, lakini kabla hujaweka chochote wazi nijibu: ule mstari mfupi kwenye rejista umeuandikaje?

Siku kavu tuliandika sifuri. Mstari maana yake hakuna aliyepima. Labda mtu alikuwa msibani. Nimeona vijana wakigeuza vyote kuwa sifuri, halafu wanatangaza ukame ambao haukuwepo. "TR" ni manyunyu yaliyolowesha tu, hayapimiki. Na tarehe: kwetu maji ya asubuhi tuliyaandika kwenye siku ya jana, kwa kuwa mvua ilinyesha usiku. Jirani zetu waliandika siku ya leo. Ulimuuliza mtu?

Jingine. Kituoni kwetu mwembe ulikua upande wa mashariki mpaka mvua ya upepo ikawa haifiki kwenye kipimamvua. Mwaka 1994 tukakihamisha, kama hatua sabini. Hilo haliko kwenye rejista yoyote. Liko kichwani mwangu. Kila kituo kina mwembe wake, na waliokuwepo tunazidi kupungua. Watafute wapimaji wa kituo hicho, kaa nao, andika wanayokwambia, uyaambatanishe na data. Na chini ya kila ukurasa kuna sahihi. Walio hai waombe ruhusa uwataje.

Mtakwimu_Dom

Tenganisha mambo mawili, mkuu.

Dodoso usilitoe lilivyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kufuta majina hakutoshi: kijijini, ekari 40 za mikorosho zenye GPS kila mtu anajua ni za nani, na mavuno yake unakuwa umemtangazia hadi mwenye kumdai. Tafiti za DHS, zile za afya ya uzazi na watoto, husogeza nukta ya eneo hadi kilomita 2 mjini na kwa kawaida hadi 5 vijijini kabla ya kumpa mtafiti yeyote. Kisha jiulize: hao 212 uliwaambia kwamba majibu yao yataonwa na wengine? Kama hukuwaambia, rudi ukawaombe.

Mvua ni habari nyingine, haina siri ya mtu. Lakini umesaini barua, usipitie dirishani. Mwandikie mkuu wa kituo. Mwambie data ikae kwa jina la ofisi yake, wewe ukiwa mnakili, na kila atakayeitumia alazimike kuitaja. Leseni ya CC BY inafanya hivyo. Zenodo, hazina ya data mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, inahifadhi bure na kukupa kitambulisho cha kudumu. Akikuambia ofisi itakosa mapato ya kuuza data, mtajie Landsat, setilaiti za Marekani za kupiga picha za ardhi: picha moja iliuzwa kama dola 600, mpaka 2008 Marekani ilipoamua kuzitoa bure, na matumizi yake yakaongezeka mara nyingi sana. Nchi wanachama wa WMO, Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nazo zilikubaliana sera mpya ya kubadilishana data mwaka 2021. Atakuwa anaijua.

Mihogo_Moro

Nitamtetea msimamizi kidogo. Mimi niliachia data za michirizi kahawia, ugonjwa wa mihogo, kabla sijachapisha. Miezi minane baadaye nikazikuta kwenye makala ya timu yenye maabara na wahariri wa kutosha. Sisi tumepewa mstari mmoja wa shukrani. Bado naamini zilipaswa kuwa wazi. Ila Zenodo inakuruhusu kuweka data leo na kuifungua tarehe utakayopanga. Kubalianeni tarehe kwa maandishi, mwaka mmoja unatosha. "Baadaye" isiyo na tarehe ndiyo iliyofikisha rejista zako kwa mchwa.

Korosho_Kusini

Nimewasoma wote, asanteni sana. Mzee, shikamoo. Nimefungua jedwali usiku huu: mistari niliiweka sifuri, siku 418. Naanza kuirekebisha kesho, ukurasa kwa ukurasa. Barua kwa mkuu nimeiandika, na msimamizi amekubali miezi kumi na miwili. Dodoso linabaki kwangu mpaka nirudi vijijini.

Nimeambiwa mpimaji wa miaka ya themanini yupo, anaishi Newala. Jumamosi naenda kumuona.