Ndoo, maji

*Wajukuu wa Bibi Mwanaisha 🌴 — Jumamosi usiku*

Zuhura: 🎤 ujumbe wa sauti (0:31)

Mama: Zuhura, nani anakugongea sufuria hapo?

Bakari: 😂😂😂

Zuhura: Mama ni mimi. Ni banjo. Nimeuziwa Jumanne na mzee mmoja anahama nyumba

Mama: Banjo. Na kodi umelipa?

Zuhura: Nimelipa 🙈

Mama Mdogo Rehema: Si ule ungo uliotiwa mkia, wa wazungu wa milimani?

Zuhura: Shikamoo Mama Mdogo. Huo huo, ila habari ya wazungu nitakujibu, ngoja kwanza. Mjomba Kassim upo? Shikamoo. Wewe ndiye nakutafuta

Mjomba Kassim: Marahaba mwanangu. Nimeisikiliza mara tatu. Unaipiga kama gitaa.

Mjomba Kassim: Vidole vinachokonoa nyuzi kwenda juu. Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo, alipiga gumba na cha shahada, na mimi bendi nzima nimekula kwa vidole hivyo hivyo. Gitaa linakubali. Hiyo yako inalia kama mtu anafungua kopo la maziwa.

Zuhura: Ndiyo tatizo! Huku mtindo ninaoutaka wanauita klohama. Mkono unaukunja kama mguu wa mwewe, halafu unashuka tu. Mgongo wa ukucha wa kidole cha kati ndio unaopiga uzi. Kuvuta juu hakuna

Mjomba Kassim: Hata kidogo?

Zuhura: Hata kidogo. Wanaovuta ni wale wa bluegrass, muziki wa banjo wa mwendo kasi, njia ya mpigaji Earl Scruggs, vidole vitatu na kucha za kuvalisha. Mimi huku ni ukucha wangu mwenyewe. Na umeshakatika 😭

Bakari: Bandika zile za harusini

Zuhura: Kuna wanaobandika kweli, usicheke

Saumu (admin): Jamani kikundi hiki ni cha paa la Bibi. Bado watu 4 hawajachanga. Bakari unajijua.

Bakari: Mwisho wa mwezi inshallah

Mjomba Kassim: Zuhura, nitumie video. Mkono wa kulia tu, sura yako naijua.

Zuhura: 📹 video (0:18)

Mjomba Kassim: Aaa. Nimeliona. Tazama dole gumba lako, limesimama hewani kama mtu anasimamisha daladala.

Mama: 🤣🤣

Mjomba Kassim: Ule uzi mfupi unaoanzia katikati ya shingo ni wa nini?

Zuhura: Uzi wa 5. Unaanzia freti ya tano, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Ni noti ya G ya juu, haubadiliki wimbo mzima, gumba ndilo linaupiga. Nyuzi nimezikaza kwa noti G D G B D, kwa hiyo nikipiga zote wazi bila kubana chochote ni kodi ya G

Mama: Umesema umelipa kodi

Zuhura: Kodi ya muziki Mama, noti kadhaa zikilia pamoja 😂

Mjomba Kassim: Basi nimemrudia yule mwalimu wa video unayejifunza kwake, nikampunguza mwendo nusu. Kila kidole kinaposhuka, gumba linatua juu ya uzi mfupi. Kila mara, hata pale ambapo hataki uzi huo ulie. Mkono ukiinuka, gumba linabaki nyuma kidogo, linauachia uzi. Halipigi, linaachia. Wewe unalirusha kuutafuta uzi, linafika limechelewa.

Zuhura: Mjomba 😮 wiki nzima nilidhani shida ni kidole cha kati

Mjomba Kassim: Acha mkono wa kushoto ulale juu ya nyuzi, zisilie. Usitafute wimbo. Piga uzi mmoja, halafu fagia nyuzi za chini pamoja, halafu gumba. Ya kwanza ndefu, mbili zinazofuata fupi. Sema NDOO, ma-ji. NDOO, ma-ji.

Zuhura: Wapiga klohama husema bum, di-ti. Yako nzuri zaidi

Mama: Nimeijaribu kwa mwiko. Mbona rahisi

Mjomba Kassim: Dada, mwiko hauna gumba.

Mama Mdogo Rehema: Mimi nangoja jibu la wazungu

Zuhura: Haya Mama Mdogo. Asili ya banjo ni Waafrika waliouzwa utumwani Marekani. Gambia na Senegal, Wajola wana akonting: kibuyu, ngozi ya mbuzi, nyuzi 3, mmoja wao mfupi wa gumba. Nao wanapiga kwa ukucha kwenda chini vile vile! Nilipoona video yake niliacha chai ikapoa. Wazungu wengi walianza kuishika miaka ya 1830 na 1840

Mama Mdogo Rehema: Kumbe

Zuhura: Na hapa Durham, North Carolina, nikiendesha kama nusu saa nafika Mebane. Pale alikuwepo mzee Joe Thompson, Mmarekani mweusi, mpiga fidla. Mwanamuziki Rhiannon Giddens na wenzake walikuwa wakimfuata kwake mwaka 2005 wajifunze, mzee na fidla, Rhiannon na banjo. Alifariki 2012

Mama Mdogo Rehema: Basi nimeufuta ungo. Hata gambusi letu la zamani lilikuwa na ngozi.

Saumu (admin): Mama Mdogo umenikumbusha, fundi anauliza mabati au makuti

Mama: Mabati. Zuhura, jirani wa chini halalamiki?

Zuhura: Nimechomeka soksi kati ya ngozi na ile fimbo ya ndani, sauti inapungua

Mama: Soksi safi?

Zuhura: 😶

*saa 5:40 usiku*

Zuhura: 🎤 ujumbe wa sauti (0:22)

Bakari: Hii sasa naisikia ndoo

Mama: Pale katikati imemwagika

Zuhura: Nilihamia kodi ya D7, gumba likaruka tena 😩

Mjomba Kassim: Nimesema mkono wa kushoto ulale. D7 umeitoa wapi?

Zuhura: Tamaa Mjomba

Mjomba Kassim: Rudi kwenye ndoo. Kesho baada ya alfajiri nitumie dakika mbili, mlio wa ngozi tu, nyuzi zisilie. Nitahesabu mimi.

Saumu (admin): Na Bakari naye atume

Bakari: 🏃🏾‍♂️